Nyoka akiinua kichwa juu, presha yake hushikiliwa na nini?

NesiWaUsiku, Umoja

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji. Kwa kuwa nakesha na mashine ya presha mkononi, kuna jambo limenikaa kichwani na sijapata wa kunieleza.

Jumapili nilimpeleka mtoto wa kaka yangu kutazama nyoka pale Makumbusho ya Taifa, Museum Hill. Kulikuwa na nyoka wa kijani wa mitini, mwembamba, mkia ameuzungusha kwenye tawi la chini na mwili uliobaki wote ameunyoosha kwenda juu, karibu wima. Kichwa hakitikisiki, ulimi tu ndio unatoka na kurudi. Tulimtazama mpaka watu wa nyuma wakatuomba tuwapishe, naye bado yuko vile vile.

Sasa niambieni. Mgonjwa akilala siku kadhaa baada ya operesheni, siwezi kumwinua ghafla. Namketisha kwanza, miguu ining'inie, nangoja, ndipo asimame. Nikiharakisha uso unapauka, jasho linatoka juu ya mdomo, presha inaanguka, na ni juu yangu kumdaka. Na huyo ni mtu mwenye misuli ya miguu ya kusukuma damu irudi juu! Nyoka hana miguu. Mwili wake ni mrefu, damu yake ina uzito kama yetu na inateremka kama kitu kingine chochote. Kwa nini isijazane mkiani akazirai?

Ninachotaka kujua hasa ni nani anayeamuru mishipa yake ibane au ilegee. Ni neva? Ni homoni? Au mshipa wenyewe una uamuzi wake? Tafadhali mtu asiniambie nyoka ana damu baridi akaishia hapo. Nimeshajibiwa hivyo kazini na haikunisaidia.

Kijana_wa_Watamu

Dada, jibu kamili sina, ila nakuongezea swali. Huku pwani bahari ikichafuka, mara nyingine inatupa ufukweni nyoka wa bahari, yule mweusi mgongoni na wa njano tumboni. Mkimwona msimguse, sumu yake ni kali. Akiwa mchangani anakuwa hoi kabisa: anajipindapinda ubavuni, kichwa hakipandi. Swila wa shambani angekuwa ameshainuka na kutanua shingo. Na nimesoma kwamba hao wawili ni wa ukoo mmoja. Mbona huyu anaweza na yule hawezi?

Fundi_wa_Maabara, Kabete

Dada nesi, na wewe ndugu yangu wa Watamu, maswali yenu ni mamoja. Nitajibu kwa kirefu, mnivumilie.

Kazi yangu ni ufundi wa maabara ya fiziolojia ya wanyama. Mishipa niliyoishika kwa mikono ni ya sungura na mbuzi. Ya nyoka nimeifuata kwa kusoma, miaka mingi, kwa kuwa sijaona mnyama mwingine anayeonyesha kazi ya mishipa waziwazi kama yeye. Moyo ni mdogo, mwili ni mrefu, na karibu kila kitu kinategemea ni mshipa upi umebana na upi umefunguka.

Mwaka 1976 Roger Seymour na Harvey Lillywhite walichapisha vipimo vya presha vya nyoka wanaoishi mazingira tofauti. Wa mitini walikuwa na presha ya milimita 50 hadi 90 za zebaki. Wa baharini walikuwa chini ya 40. Ukiangalia ndani ya mwili utaona sababu. Nyoka wa kupanda miti moyo wake uko karibu na kichwa, kwa hivyo damu haina mlima mrefu wa kupanda kwenda ubongoni. Wa bahari moyo wake umerudi nyuma, kuelekea katikati ya mwili. Akiwa majini hapati taabu, maana maji ya nje yanamkandamiza kadiri damu ya ndani inavyoelemea chini, nguvu mbili zinalingana na mishipa haitanuki. Mtoe majini umsimamishe wima, damu inakimbilia mkiani na kichwa kinakosa. Huyo wa Watamu ana taabu nyingine pia, kwani mwili wake umebanwa ubavuni na hana magamba mapana ya tumbo ya kutambalia. Lakini hata angepata namna ya kujiinua, presha yake isingemfikisha popote.

Sasa, nani anabana? Mwaka 1988 John Donald na huyo huyo Lillywhite walichunguza neva zinazoshika mishipa mikubwa ya nyoka mmoja wa Marekani ambaye hupanda miti na pia huishi chini. Walikuta neva zimesongamana kwenye ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) na vena (inayoirudisha) za sehemu ya nyuma ya mwili. Za mbele, zinazoelekea kichwani, zilikuwa na neva chache. Ningependa kila mwanafunzi wa fiziolojia auone mpangilio huu. Mwili haupigi kelele kila mahali kwa pamoja. Kichwa kikienda juu, presha karibu na moyo inashuka kidogo. Vipokezi vilivyo kwenye mishipa mikubwa inayotoka moyoni vinahisi, ubongo unapata habari, na amri inarudi kupitia neva za simpathetiki, zile zinazofanya kazi bila hiari: mapigo yaongezeke, na mishipa ya nyuma ibane. Neva zinamwaga adrenalini na noradrenalini kwenye misuli laini ya ukuta wa mshipa, zinashika vipokezi vya alfa, msuli unakaza. Nyuma kunafungwa, mbele kunabaki wazi, na damu haina njia ila kwenda kichwani. Ni vipokezi vile vile unavyovitegemea wewe, dada, ukimtundikia mgonjwa mahututi dripu ya noradrenalini.

Vena ndizo ningezitilia mkazo zaidi, kwa sababu watu wanaposikia presha wanafikiria ateri peke yake. Damu nyingi ya mwili wakati wowote iko kwenye vena. Zikilegea, moyo unapiga mtupu. Nyoka wa mitini anazibana vena zake kwa neva, na juu ya hapo mwili wake ni mwembamba na ngozi yake imekaza juu ya nyama, sawa na zile soksi za kubana unazowavalisha wagonjwa baada ya operesheni. Hana pa kuhifadhi damu iliyozubaa. Pia wamewaona nyoka wakisimamishwa wima wanajitikisa, wimbi dogo la misuli linapita mwilini, na kila likipita vena zinakamuliwa na presha inapanda. Kwa hiyo misuli ya kusukuma damu anayo, dada, ni ubavu wake mzima.

Ukitaka ndugu wa karibu kwa tatizo hili hapa Nairobi, nenda Lang'ata ukawatazame twiga. Moyo wao unasukuma kwa presha ya karibu mara mbili ya yetu, na ngozi ya miguu yao nayo imekaza kwa sababu hiyo hiyo.

Mwalimu_Githurai

Fundi, shukrani sana mzee wangu. Mimi hufundisha biolojia sekondari. Tunawaambia watoto kwamba moyo wa reptilia una vyumba vitatu, damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinachanganyika, basi. Wanaondoka wakidhani moyo wa nyoka ni moyo wa mtu ambao haukumalizika kuumbwa, na mimi mwenyewe siridhiki. Na njia ya pafuni inasimamiwa na nani? Nipe sentensi mbili tatu za kwenda nazo darasani.

Fundi_wa_Maabara, Kabete

Mwalimu, zitazidi tatu kidogo.

Vyumba vitatu ni kweli: atria mbili za kupokea damu na ventrikali moja ya kuisukuma. Lakini ndani ya hiyo ventrikali kuna kingo ya msuli inayoigawa nusunusu, na damu za pande mbili zinaweza kupita bila kuchanganyika sana. Ventrikali hiyo moja inatoa mishipa mitatu mikubwa, yaani aota ya kulia na aota ya kushoto zinazopeleka damu mwilini, na ateri ya mapafu. Kwa kuwa mlango wa kutokea karibu ni mmoja, damu inafuata njia iliyo nyepesi. Basi anayeishika ateri ya mapafu ndiye anayeamua damu iende wapi.

Anayeishika ni neva ya vagasi. Kwetu sisi vagasi tunaijua kwa kupunguza mapigo ya moyo. Kwa nyoka inapunguza mapigo na pia inaibana ateri ya mapafu, kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Nyoka hapumui mfululizo kama sisi. Anavuta pumzi, anatulia kwa muda, anavuta tena. Wakati ametulia, vagasi inabana, na sehemu ya damu inayorudi kutoka mwilini inazungushwa tena mwilini bila kupitia pafuni. Akivuta pumzi, vagasi inaachia, na damu inamiminika pafuni kuchukua oksijeni iliyoingia. Kwa yule nyoka wa Amerika Kusini mwenye njuga mkiani, Crotalus durissus, ni vagasi ya kushoto peke yake inayofika kwenye ateri hiyo. Ikikatwa, usimamizi unapotea. Huwezi kuuita huo moyo ambao haukumalizika. Moyo wetu hauwezi kufanya hivyo hata ukitaka.

Tena nyoka si wote sawa. Chatu ana kingo nene sana, na moyo ukikaza inaziba vizuri kiasi kwamba presha ya upande wa mwili ni mara kadhaa ya upande wa pafu, karibu na hali yetu. Hilo wamelionyesha Tobias Wang na wenzake wa Aarhus, Denmark. Ukifundisha, mtaje chatu, watoto wanamjua.

Na nyongeza moja ambayo dada nesi ataielewa haraka. Pafu la nyoka ni refu, lakini kwa nyoka wa mitini ile sehemu yenye mishipa ya damu ni fupi na iko karibu na moyo. Iliyobaki ni mfuko wa hewa tu. Wa bahari mishipa ya pafu lake inaenda karibu mwili mzima. Fikiria pafu refu hivyo likisimamishwa wima: presha inaongezeka chini, kuta za kapilari, mishipa midogo kabisa, ni nyembamba, maji yanachuja kuingia kwenye hewa. Tunajua mgonjwa mwenye maji mapafuni anavyohangaika.

NesiWaUsiku, Umoja

Mzee Fundi, Mungu akubariki. Hiyo ya nyuma kubana na mbele kubaki wazi nimewasomea wenzangu wakati wa kupokezana zamu, na dakika kumi nzima hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Nabaki na moja. Niliuliza kama mshipa una uamuzi wake mwenyewe. Wodini tunatoa nitrogliserini chini ya ulimi kwa wenye maumivu ya kifua, na tulifundishwa inageuka kuwa oksidi ya nitriki na kulegeza mishipa, kama utando wa ndani wa mshipa unavyofanya wenyewe. Nyoka naye ana hiyo?

Fundi_wa_Maabara, Kabete

Anayo. Na hapa umegusa kazi ya mikono yangu, kwa hivyo niruhusu nikuonyeshe kwanza inavyofanyika.

Unachukua aota, unaisafisha mafuta kwenye sahani ya maji ya chumvi baridi, unakata pete ndogo ya milimita chache. Unapitisha nyaya mbili nyembamba ndani ya tundu la pete, moja inashikiliwa chini, nyingine inafungwa kwenye kipima-mvuto juu. Unaishusha kwenye chupa ya maji yenye chumvi na sukari, joto la mwili wa mnyama huyo, hewa inabubujika kutoka chini. Halafu unasubiri itulie. Kazi yote iko kwenye kupitisha ile waya. Ikikwaruza ndani ya pete, umeondoa utando ambao ni seli safu moja tu, huuoni kwa macho, na pete itakujibu kinyume. Ukidondosha asetilikolini, pete nzima inalegea, mstari kwenye karatasi unashuka taratibu. Iliyokwaruzwa hailegei hata kidogo, na pengine inabana.

Robert Furchgott na John Zawadzki walichapisha jambo hilo mwaka 1980, kwa aota ya sungura. Utando wa ndani ulikuwa unatoa kitu cha kulegeza msuli. Baadaye kikajulikana kuwa ni oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Nobeli. Kwa yule nyoka wa njuga, ukizuia utengenezaji wa oksidi ya nitriki kwa dawa, presha ya mwili inapanda. Maana yake mishipa yake ilikuwa inalegezwa na utando wake wenyewe kila dakika. Upande wa pafu athari ni ndogo, huko vagasi ndiyo bwana.

Utando huo pia unabana. Mwaka 1988 Wajapani waliielezea endothelini, homoni inayotoka kwenye utando wa mshipa na kubana kwa nguvu sana. Mwaka huo huo sumu ya nyoka Atractaspis, yule mdogo mweusi wa ardhini anayechoma kwa jino la kando mdomo ukiwa umefungwa, ikaonekana ina sarafotoksini, ambazo zinafanana sana na endothelini kwa muundo. Jamaa zake wako Kenya. Yaani nyoka yule amechukua chombo cha kawaida cha kuongoza mishipa akakifanya silaha.

Lakini hili ndilo nililotaka ulipate hasa. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil walitundika pete za aota za nyoka wa njuga na za jararaka, nyoka mwingine wa sumu wa huko, wakazipiga umeme mdogo. Zikabana. Kila mmoja wetu angesema ni neva zilizobaki ukutani zimemwaga adrenalini. Wakaondoa utando wa ndani, ule ule wa safu moja. Kubana kukaisha. Kemikali za jamii ya adrenalini zilikuwa zinatoka kwenye utando wenyewe! Nilipoisoma niliacha chai ikapoa. Sisi tumefundishwa miaka yote kwamba adrenalini ni ya neva na ya tezi za juu ya figo. Kwa hiyo dada, ndiyo, mshipa wa nyoka una uamuzi wake, na utando huo una mkono wa kulegeza na mkono wa kubana pia.

Hayo hayaondoi kazi ya ubongo. Jicho la nyoka halina kope, limefunikwa na gamba angavu, na ndani ya gamba hilo kuna mishipa ya damu. Mishipa ikijaa inaweza kumzuia kuona. Kevin van Doorn na Jacob Sivak wa Waterloo, Kanada, waliwapiga picha nyoka wa Marekani na kuchapisha mwaka 2013. Nyoka akiwa ametulia, mishipa hiyo inafunguka na kufunga kwa zamu. Akihisi tishio mbele yake, inabana na kukaa imebana muda mrefu zaidi, ili aone vizuri. Wakati anajiandaa kujivua gamba, damu inapita mfululizo, maana ngozi mpya inahitaji chakula.

Kijana_wa_Watamu

Shikamoo mzee. Sasa nimeelewa yule wa bahari. Swali dogo: huku mashambani chatu akimeza mbuzi, wazee wanatuambia tumwache kabisa, asisogezwe. Ni huruma tu, au kuna sababu ya mwilini?

Daktari_wa_Mifugo_Ngong

Naomba nimjibu huyu, mzee Fundi apumzike.

Sababu ipo, na ni ya mishipa. Chatu aliyefunga wiki nyingi utumbo wake umesinyaa na damu inayopita hapo ni kidogo. Akimeza, uchomaji wa nishati mwilini unapanda sana. Kwa chatu wa Burma Stephen Secor na Jared Diamond walipima ongezeko la zaidi ya mara 40 mlo ukiwa mkubwa. Utumbo unajazwa damu, unanenepa ndani ya siku moja au mbili, na moyo unaenda mbio ingawa mnyama amelala tu.

Amri ya kufungua mishipa ya utumbo inatoka kwa utumbo wenyewe. Seli zake zinamwaga homoni iitwayo nyurotensini, na kwa Python regius wa Afrika Magharibi ilionyeshwa mwaka 2007 kwamba hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyoongeza damu huko. Moyo nao unaharakishwa na histamini, inayoushika moja kwa moja bila kupitia neva. Histamini hiyo hiyo tunayoilaumu kwa mzio.

Kwa hiyo chatu aliyeshiba damu yake nyingi iko tumboni, na mzigo anaoubeba unaweza kukaribia uzito wake mwenyewe. Akishtuliwa, njia rahisi ya kukimbia ni kutapika mlo wote, na huko kutapika kunamuumiza. Baridi nayo inamkwamisha: kwenye joto la chini umeng'enyaji unasimama, nyama inaozea ndani. Kwa hiyo mkimkuta kwenye shamba amevimba, wazuieni mbwa na watoto, msimvute mkia ili kumpiga picha, na waiteni watu wa KWS, shirika la wanyamapori. Kama amejilaza juani msimhamishie kivulini mkidhani mnamsaidia.